Kivu: utepe wa mkono unaamua nani atapata plumpy, lakini kuna watoto hauwaoni

Siku ya kilo, katika vituo vya afya vya Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, kazi inaanza kwa mkono wa kushoto wa mtoto. Muuguzi ama RECO anamvua shati, anatafuta katikati ya bega na kiwiko, anazungusha utepe wa plastiki wenye rangi tatu, anasoma namba. Haichukui dakika nyingi. Ikiwa kijani, mama anarudi nyumbani. Ikiwa manjano, anaambiwa mtoto ameanza kukonda, na kama kuna UNS karibu anatumwa huko. Ikiwa nyekundu, mtoto anaandikwa kwenye UNTA na mama anatoka na sashe za siagi ya karanga iliyochanganywa na maziwa, sukari, mafuta na vitamini, ile ambayo wamama wengi wanaiita tu plumpy, hata pale ambapo jina lililoandikwa kwenye pakiti ni lingine.

Utepe huo, unaoandikwa MUAC kwenye makaratasi ya mashirika na PB kwenye yale ya Kifaransa, umekuwa chombo chenye nguvu kubwa mashariki mwa nchi. Mtoto mwenye milimita 114 anapata matibabu. Jirani yake mwenye milimita 116, aliyelala kwenye mkeka uleule na kula bugali ileile, hapati yale yale. Wakati misaada inatosha, tofauti hiyo haina uzito sana kwa sababu wa pili ana mlango wake. Siku hizi mlango wa pili unafungwa katika maeneo mengi, na ndiyo maana swali la jinsi watoto wanavyopimwa limeacha kuwa la waganga peke yao.

Hali inajulikana. Goma iliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa siku hizo, na mizigo ya misaada ikalazimika kutafuta njia nyingine, ndefu na za gharama. Wakati uleule serikali ya Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa kazi za kiutu nchini Congo, ilisimamisha pesa zake, na shirika lake la USAID likafungwa rasmi Julai 2025. Machi 2025, uchambuzi wa IPC ulihesabu watu milioni 27,7 katika nchi nzima wenye njaa kali. Wakulima wa Masisi, Rutshuru na Kalehe wamekimbia mashamba yao si mara moja, na ng'ombe wa milima ile wameibwa ama wameuzwa kwa bei ya kutupa.

Katika mazingira hayo, kila sashe inahesabiwa. Na namna ya kuihesabu ni utepe.

Milimita 115 ilitoka wapi

Wengi wanadhani mistari ya rangi kwenye utepe imechorwa na maumbile. Hapana. Wakati wa vita vya Biafra, Nigeria, mwishoni mwa miaka ya 1960, wahudumu wa Wakwekeri walitembea na fimbo ya kupimia urefu iliyochorwa vipimo vya mkono, kusudi wachague haraka watoto wa kupewa chakula katikati ya umati. Mwaka wa 1974, mganga Adnan Shakir, aliyefanya kazi Baghdad, pamoja na David Morley wa London, walieleza ukanda wa rangi ambao hata mtu asiyejua kusoma angeweza kuutumia. Wazo lilikuwa jepesi: kati ya mwaka 1 na miaka 5 mkono wa mtoto mwenye afya hauongezeki unene sana. Kwa hiyo hakuna haja kubwa ya kujua umri wake kamili, jambo ambalo kwa familia iliyokimbia usiku bila karatasi yoyote ni faida kubwa.

Miaka ya baadaye ilionyesha kwamba mkono unatabiri kifo vizuri, mara nyingi kuliko uzito ukilinganishwa na urefu. Congo yenyewe ilichangia katika utafiti huo. Bwamanda, katika jimbo ambalo leo ni Ubangi ya Kusini, watoto walipimwa kila miezi 3 kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, na vifo vyao vikafuatiliwa. Mkono una misuli, na misuli ndiyo akiba ambayo mwili wa mtoto mgonjwa unakula ukikosa kingine.

Hata hivyo mstari wenyewe ulihamishwa na watu. Kwa muda mrefu utapiamlo mkali sana ulihesabiwa kuanzia chini ya milimita 110. Mwaka wa 2009 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitangaza pamoja kwamba mpaka mpya ni 115, kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Mtoto mwenye milimita 112 aliyekuwa katika manjano jana aliingia katika nyekundu kesho yake, bila kupoteza hata gramu moja. Uamuzi huo ulikuwa mzuri, uliokoa watoto. Lakini unaonyesha kwamba mpaka huu una mambo mawili ndani yake: hatari ya kufa, na idadi ya watoto ambao mfuko unaweza kuwatunza. Jambo la pili halisemwi sana.

Leo mvutano ni kati ya 115 na 125. Chini ya 115 ni nyekundu. Kutoka 115 mpaka chini ya 125 ni manjano. Pesa zikipungua, mara nyingi mipango ya manjano ndiyo inayosimama kwanza, kwa maelezo kwamba wa nyekundu ndio wanaokaribia kufa. Maelezo hayo yana ukweli. Lakini mtoto wa manjano, katika kambi yenye surua, kuhara na malaria, anaweza kushuka hadi nyekundu kwa wiki chache tu. Kumngoja ashuke ndipo aandikwe ni kumtibu kwa gharama kubwa zaidi, akiwa amebakiwa na nguvu ndogo.

Kuna jibu lililojaribiwa hapa hapa Congo. Katika eneo la afya la Kamuesha, jimbo la Kasai, shirika la ALIMA na washirika wake walifanya jaribio kuanzia 2019: watoto wote walio chini ya milimita 125, ama wenye kuvimba miguu, waliandikwa katika mpango mmoja, wakapewa bidhaa moja, na idadi ya sashe ikapunguzwa taratibu kadiri mtoto alivyopata nafuu. Matokeo, yaliyochapishwa 2022, yalionyesha kwamba watoto hawakufanya vibaya kuliko wale wa utaratibu wa kawaida, na kwa walio katika hali mbaya sashe zilizotumika zilikuwa chache. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2023 nayo imeachana na kuwaweka wa manjano wote katika kapu moja: mwenye milimita 115 hadi 119, ama mwenye umri chini ya miaka 2, ama aliyewahi kutibiwa akarudi tena, anapaswa kutangulizwa. Yaani hata pale ambapo hakuna cha kuwatosha wote, kuna njia ya kuchagua ambayo si ya kufunga mlango tu.

Mtoto wa kijani mwenye bwaki

Tatizo kubwa zaidi kwa Kivu liko penginepo. Utepe unapima unene, na kuna utapiamlo unaokuja na unene wa uongo.

Wazee wa Bushi hawahitaji kuelezwa. Wanaita bwaki: mtoto ana miguu iliyojaa maji, uso umevimba, nywele zimekuwa nyepesi na nyekundu, ngozi inabambuka, na hataki kucheza wala kula. Ni kwashiorko ya vitabuni, jina ambalo mganga Cicely Williams alilileta katika vitabu vya tiba katika miaka ya 1930, akilichukua kwa Waga wa Ghana ya leo. Milima ya magharibi mwa Ziwa Kivu imejulikana kwa ugonjwa huu tangu zamani. Watafiti wa Lwiro, ambapo Wabelgiji walijenga kituo kikubwa cha sayansi, na waganga wa hospitali ya Fomulac kule Katana, waliandika juu yake kwa miaka mingi. Bukavu ilikuwa hata na Comité Anti-Bwaki, iliyoanzishwa mwaka wa 1965. Ni vigumu kupata mji mwingine uliounda shirika na kulipa jina la ugonjwa wa njaa ya watoto wake.

Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba bwaki inatokana na kukosa protini tu: mihogo mingi, maharage machache, samaki wala nyama hakuna. Leo wataalamu wanakubali kwamba chakula cha mihogo mitupu kina sehemu yake, lakini sababu kamili bado wanaijadili. Kinachojulikana bila ubishi ni kwamba mtoto mwenye uvimbe wa miguu yote miwili ni mgonjwa mahututi, hata kama mkono wake unasoma milimita 130.

Hapo ndipo utepe unapodanganya. Maji yanajaza mwili, mkono unaonekana mnene, mama anaambiwa "kijani". Hata mizani inadanganyika, kwa sababu maji yana uzito. Kinachohitajika hakinunuliwi: dole gumba mbili juu ya nyayo mbili, kukandamiza kwa sekunde 3, kuachilia. Kama shimo linabaki pande zote mbili, mtoto anaandikwa bila kuangalia rangi yoyote. Uvimbe ukifika mpaka usoni, hapaswi kubaki nyumbani na sashe, anapelekwa UNTI akalazwe.

Protokoli ya taifa inayosimamiwa na PRONANUT inasema hivyo wazi: milango ya kuingia ni mitatu, yaani mkono, uzito kwa urefu, na uvimbe. Lakini katika upimaji wa haraka, pale watoto mamia wanapopimwa siku moja chini ya turubai, mlango wa tatu ndio unaosahaulika. Fomu nyingi zina safu ya namba za mkono inayojazwa vizuri, na safu ya uvimbe iliyojazwa sifuri kutoka juu mpaka chini kwa mwandiko mmoja. Msimamizi yeyote anayeziona sifuri hizo katika Kivu, pa bwaki, anapaswa kuuliza kama kweli viatu vilivuliwa.

Mizani na utepe havikubaliani

Mlango wa kati, uzito kwa urefu, unachukua muda. Unahitaji mizani nzuri, ubao wa kupimia urefu, watu wawili, na jedwali. Mtoto wa chini ya miaka 2 anapimwa akiwa amelala, mkubwa wake akiwa amesimama. Ukichanganya mambo hayo mawili unapata kosa la karibu sentimita 0,7. Mtoto anayelia na kupiga mateke anaongeza makosa mengine. Ndiyo maana mashirika mengi, hasa vita vinapokaribia, yanaacha ubao na kubaki na utepe. Ubao wa mbao hauingii kwenye begi la RECO anayepanda mlima kwa mguu.

Ila kuna bei yake. Mwaka wa 2016 ulichapishwa uchambuzi wa takwimu za watoto kutoka nchi 47. Ulionyesha kwamba watoto wanaohesabiwa wagonjwa kwa vipimo vyote viwili ni sehemu ndogo. Wengi wanaonekana kwa kimoja tu. Kuna nchi ambako utepe unapata wengi, kuna nyingine ambako mizani ndiyo inapata wengi. Utepe unapenda watoto wadogo, kwa sababu mikono yao ni myembamba kwa asili. Mtoto wa miaka 4 aliyekonda sana anaweza kupita na kijani. Ukifunga mizani stoo, hupunguzi kazi tu. Unaondoa kundi fulani la watoto katika hesabu, na kundi hilo halitapiga kelele.

Umri nao una mitego yake. Mahali ambapo hakuna karatasi ya kuzaliwa, wapimaji wanatumia urefu badala ya miezi: aliye chini ya sentimita 65 anahesabiwa hajafika miezi 6, aliyepita sentimita 110 anahesabiwa amepita miaka 5. Kivu, ambako watoto wengi ni wafupi kuliko umri wao, fimbo hiyo inaingiza wa miaka 6 na 7 katika kundi la wadogo, na kumwacha nje mtoto wa miezi 7 ambaye hakukua. Wapimaji wazoefu wanauliza kwanza kwa kalenda ya matukio: alizaliwa kabla ya Nyiragongo kulipuka Mei 2021, ama baada yake? Kabla ya Goma kuanguka? Mama hakumbuki tarehe, lakini anakumbuka alikuwa wapi.

Ufupi si wa ukoo

Ufupi huo wenyewe ni habari ambayo haipewi nafasi. Uchunguzi wa MICS wa 2017-2018 ulikuta kwamba kati ya watoto 100 wa Congo walio chini ya miaka 5, karibu 42 wamedumaa, yaani urefu wao uko chini sana ya umri wao, na karibu 7 wamekonda. Katika Kivu zote mbili, uchunguzi wa EDS wa 2013-2014 ulikuta waliodumaa ni zaidi ya nusu. Utepe hausemi chochote juu ya hawa. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mkono wa kijani kabisa, mashavu ya duara, na picha nzuri ya kutuma kwa shangazi.

Kipimo ni rahisi kuelewa. Mvulana wa miaka 2 anatarajiwa kufika karibu sentimita 87. Akiwa chini ya 81, amedumaa. Wazazi wengi wanajibu: sisi ni wafupi, hata babu yake alikuwa mfupi. Jibu hilo lilijaribiwa. Viwango vinavyotumiwa leo, vilivyotoka 2006, vilitengenezwa kwa kufuatilia watoto wapatao 8 500 wa Brazili, Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani, waliochaguliwa kwa sababu walinyonya vizuri, walikula vizuri na mama zao hawakuvuta sigara. Watoto hao wa mabara tofauti walikua karibu sawasawa mpaka miaka 5. Babu alikuwa mfupi labda kwa sababu naye alikulia katika njaa na minyoo.

Kudumaa hakutibiwi na sashe za wiki chache. Kunatengenezwa tangu mimba mpaka karibu miaka 2, na dawa yake ni polepole: mama kula vizuri, kunyonyesha, uji wenye soja ama sambaza, maji safi, kupunguza kuhara. Pesa za dharura hazipendi mambo ya polepole. Mtoto mwekundu aliyegeuka kijani ni ripoti nzuri kwa mfadhili. Mtoto ambaye hakudumaa ni nani atampiga picha?

Na hata yule aliyepona si kwamba amemaliza. Watafiti wa Bukavu na Ubelgiji waliwatafuta watu wazima waliotibiwa utapiamlo mkali wakiwa watoto kule Lwiro kati ya 1988 na 2007, wakawalinganisha na wenzao wa vijiji vilevile. Waliotibiwa walikuwa hai, na hilo si dogo. Lakini walikuwa wamesoma kidogo zaidi, walijithamini kidogo zaidi, na majaribio ya akili yaliwapa alama za chini.

Miaka 10 bila kupimwa

Kisha kuna kundi ambalo hakuna utepe wala mizani inayolifikia. Mtoto akitimiza miaka 5, siku ya kilo inaisha. Kama ni msichana, atapimwa tena siku atakapoingia CPN akiwa na mimba, labda na miaka 16 ama 17. Hapo utepe unarudi, kwa mipaka mingine, kati ya milimita 210 na 230 kulingana na mpango unaotumika. Kama ni mvulana, huenda asipimwe tena mpaka awe mgonjwa wa kitu kingine.

Katikati ya hapo mwili unafanya kazi kubwa ya pili baada ya uchanga. Kijana wa kati anarefuka kwa sentimita nyingi kwa mwaka, msichana anaanza hedhi na kupoteza madini ya chuma, na katika familia za wakimbizi wa vita ndio umri wa kuchota maji, kubeba makala, kufanya kazi shambani kwa watu. Katika kugawa chakula, wao wanahesabiwa wakubwa. Katika kutibiwa, wanahesabiwa watoto wa wengine.

Kuwapima si rahisi kama kupima wadogo, na hapa ndipo makosa ya ajabu yanapotokea. Kipimo cha kawaida ni uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Chukua msichana wa miaka 14 mwenye kilo 38 na urefu wa mita 1,48. Hesabu inatoa 17,3. Mtu akitumia mpaka wa watu wazima, ambao ni 18,5, atamwandika kuwa amekonda. Jedwali la Shirika la Afya Duniani la 2007, la miaka 5 hadi 19, linasema msichana wa umri huo anahesabiwa amekonda akiwa chini ya karibu 15,4. Kwa hiyo huyu hajakonda. Ni mfupi, jambo ambalo hesabu ileile inalificha, kwa sababu mtu mfupi mwenye uzito mdogo anatoa namba ya kawaida.

Tena jedwali hilo linadai umri kwa miezi, na kubalehe hakufuati kalenda. Wasichana wawili wa miaka 13, mmoja ameanza hedhi, mwingine bado, hawawezi kusomwa kwa mstari mmoja, na njaa yenyewe inachelewesha kubalehe. Juu ya utepe, hakuna mpaka mmoja unaokubalika dunia nzima kwa vijana. Kila mpango unaweka wake, na namba za kambi moja haziwezi kulinganishwa na za nyingine. Mtu akisoma ripoti yenye asilimia ya vijana wenye utapiamlo, swali la kwanza si ni wangapi. Ni wamepimwa kwa kipimo gani.

Katika miji kuna upande mwingine, ambao wengi wanauonea haya kuuzungumza wakati wa vita. Kuna vijana wa Goma na Bukavu wanaoshinda na biskuti, mikate na vinywaji vya sukari, na uzito wao unapita kiwango. Jedwali lilelile linawaona pia. Nyumba moja inaweza kuwa na mama mnene, mtoto aliyedumaa na msichana asiye na damu, na wote watatu wanakula bugali moja.

Shule ingeweza kusaidia. Mizani moja, mkanda wa mita ukutani, mwalimu aliyefundishwa nusu siku, mara 2 kwa mwaka. Haihitaji mfadhili wa ng'ambo. Inahitaji kwanza wizara mbili, ya afya na ya elimu, kukubaliana nani atashika daftari. Na katika maeneo ambako shule zenyewe zimegeuka makao ya wakimbizi, ama zinasimamiwa na utawala usiotambuliwa na Kinshasa, hata hilo ni gumu.

Mkono wa mama

Kinachoweza kufanyika leo, hata barabara zikifungwa, ni kuweka utepe mikononi mwa wamama. Nchini Niger, katika eneo la Mirriah, wamama walifundishwa kupima watoto wao wenyewe. Hawakupima vibaya kuliko wahudumu wa jamii, na watoto wao waliletwa mapema zaidi, wakiwa na mkono mnene kidogo, wachache wakihitaji kulazwa. Sababu haishangazi: RECO anapita mara moja kwa mwezi kama usalama unaruhusu, mama yuko na mtoto kila siku. RECO wenyewe ni wa kujitolea, na kijana aliyekimbia kwake hawezi kuombwa azunguke vijiji vitatu kwa kahawa na fulana.

Kwa anayepima nyumbani, mambo machache yanaharibu kipimo. Nguo lazima itoke. Katikati ya mkono inatafutwa kiwiko kikiwa kimekunjwa, lakini utepe unasomwa mkono ukiwa umenyooka na kuning'inia. Utepe ushike ngozi bila kuibana; ukikazwa kidogo tu, manjano inageuka nyekundu, ukilegezwa nyekundu inageuka kijani. Utepe uliokunjwa mara nyingi ama kuachwa juani unarefuka na kudanganya. Mtoto wa chini ya miezi 6 hasomwi kwa rangi hizo. Miongozo ya 2023 inataja milimita 110 kuanzia wiki 6 za umri, pamoja na uzito wake na namna anavyonyonya. Na kila mara, kabla ya utepe kurudishwa mfukoni, nyayo zote mbili zikandamizwe.

Mtoto aliyeandikwa UNTA anaruhusiwa kutoka akifikisha milimita 125 katika ziara mbili mfululizo, bila uvimbe na akiwa na hali nzuri. Karatasi inapigwa muhuri, "amepona", na anaingia katika takwimu za mafanikio. Kama mama yake hawezi kurudi shambani Masisi ama Kalehe, atakuwa tena kwenye foleni ya kilo kabla ya msimu kuisha, na karatasi mpya itaanza kwa namba mpya, kana kwamba hakuwahi kupimwa.